Uzi: Taa za njano kwenye storeji baada ya kupaka chokaa. Kontrola imekufa, au faiba? Naomba macho yenu

#1 Fundi_Mkunazini (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Assalamu alaykum wadau. Nimechoka na nimejaa vumbi, nisameheni nikirukaruka.

Mie ndo "mtu wa kompyuta" wa nyumba moja ya wageni hapa Mji Mkongwe. Nyumba zenyewe mbili, za mawe, kichochoro katikati. Ya mbele ina seva na mapokezi. Ya nyuma ina storeji, yaani mashine ya diski za kuhifadhia data, maana chumba kile kuta zake nene na joto halipenyi sana. Baina yao kuna waya mbili za faiba, rangi manjano, kama mita 60, zimevuka juu ya kichochoro. Moja inakwenda kontrola A, moja kontrola B (kontrola ndo ubongo wa storeji, zimo mbili). Ndani diski 8 za TB 8 kila moja, RAID 5, yaani zimefungwa pamoja zinafanya kazi kama diski moja. Bukingi, hesabu, picha za kamera, kila kitu kimo humo.

Wiki iliyopita tajiri kasema Ramadhani hiyo inabisha hodi, nyumba zipakwe chokaa. Wapakaji wakaingia mpaka chumba cha storeji. Mie nilikuwa Makunduchi msibani siku mbili. Kurudi, nakuta reki imesogezwa, waya zimechomolewa na kurudishwa, na mashine inaniangalia hivi: mbele kuna taa kubwa ya njano haizimi. Diski moja taa yake ya njano imeganda. Nyengine, mbili mbele yake, inapepesa njano taratibu. Sita zilizobaki kijani. Nyuma, kontrola A kijani tupu. Kontrola B taa ya hitilafu njano, na poti ya faiba iko giza totoro.

Seva inafanya kazi, ila nzito. Nimebadilisha moduli ya SFP ya kontrola B (kile kijidude cha kuchomekea faiba, kinachotoa na kupokea mwanga), hakuna kitu. Muuzaji mmoja wa bara kanambia kwa simu, bila ya kuiona, kwamba kontrola imekufa. Bei aliyonitajia nanunua ng'ombe wa Idi wa mtaa mzima.

Nataka kujua: hii ni maradhi moja au maradhi matatu? Na diski nianze kuchomoa ipi? Nnazo mbili mpya mkononi.

#2 PopobawaMstaafu

Mie nilistaafu zamani, sikupita hapo. Watafuteni wapakaji.

#3 TechnoAmani

Mkuu zima kila kitu, subiri dakika tano, washa tena. Asilimia kubwa ya matatizo ya kompyuta yanaishia hapo. Zikibaki njano, chomoa diski zote mbili mbovu utie mpya kwa mpigo, umalize kazi.

#4 Bi_Nyuzi

Fundi, kabla hujasoma kitu chengine chochote: USIFANYE alichoandika #3. Usizime. Usichomoe. Kaa mikono mapajani unisome mpaka mwisho.

RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja tu. Wewe moja imeshakufa, kwa hivyo sasa huna akiba, kila diski iliyobaki ni nguzo. Ukichomoa na ile inayopepesa, hata kama ni mgonjwa, umevunja nguzo ya pili na nyumba inashuka. Mgonjwa anayepumua bado anakushikia data yako.

Na kuzima: diski iliyozunguka miaka bila kusimama, ukiizima ikapoa, siku nyengine haiamki. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Seva inayolemewa unaweza kuizima. Storeji yenye diski moja maiti na moja mahututi unaiacha izunguke.

Sasa rangi. Hiyo tunayoita njano, vitabu vya mashine vinaiita kaharabu, rangi ya ile tasbihi ya babu. (Waarabu umeme wanauita kahrabaa, neno limetoka hapo hapo kwenye kaharabu. Nimechepuka.) Watu wanadhani rangi ni lugha moja dunia nzima. Sio. Chukua seva za Dell: diski iliyokufa inapepesa njano haraka, mara nne kwa sekunde. Diski inayotabiriwa kufa inapepesa kijani, kisha njano, kisha inazima, halafu inaanza tena. Sasa nenda kwa HPE, zile trei zao mpya za diski: iliyokufa njano imeganda, na inayotabiriwa kufa ndo inayopepesa. Yaani kupepesa kwa njano, huku ni maiti, kule ni mgonjwa. Fundi aliyezoea moja akienda kwa nyengine anamzika aliye hai.

Kwa hivyo mashine yako tafuta kitabu chake, sura ya taa, uisome wewe mwenyewe. Usiniamini mie wala muuzaji wa simu. Ukishaisoma njoo useme.

Suala la kontrola B na poti ya giza ni kesi nyengine, naiwekea kiti chake. Ila poti ya faiba kuwa giza baada ya wapakaji kuchomoa waya, mie mtuhumiwa wa kwanza ni chokaa, wala sio kontrola.

#5 TechnoAmani

Sawa Bi, nimekaa.

#6 ChakeNet

Bi Nyuzi kasema kweli tupu. Niwape kisa changu, kimetokea huku kwetu Pemba, ofisi siitaji.

Storeji ya diski 5, RAID 5. Moja ikafa kabisa, haina taa yoyote, si kijani si njano. Mie niko Wete, kijana yupo Chake kwenye mashine. Skrini yangu inanambia: diski namba 3 imeanguka. Nikampigia, "Chomoa namba 3." Kijana akahesabu kutoka kushoto: moja, mbili, tatu. Akachomoa.

Mashine yenyewe ilikuwa inahesabu kuanzia 0. Namba 3 yake ni ya nne kwa kidole cha mtu.

Simu ilinyamaza. Halafu nikasikia, "Ami, taa zote zimebadilika." Lahaula. Tulikesha siku mbili na nusu tunarudisha kutoka kwenye bakapu, na bakapu yenyewe ya wiki tatu nyuma. Risiti za wiki tatu watu walizipiga upya kwa mkono.

Tangu siku hiyo sichomoi diski mpaka niiwashe taa ya buluu. Karibu kila storeji ina amri ya kuitafuta diski: unabonyeza kwenye programu, na diski ile ile inawaka buluu, au inapepesa kwa namna yake. Aliye mbele ya mashine namuuliza, "Unaona nini?" Simwambii rangi. Akisema mwenyewe "buluu, ya nne kutoka kushoto", ndo namwambia chomoa.

#7 Fundi_Mkunazini

Shikamoo Bi Nyuzi. Nimesoma kitabu. Kwa mashine yangu njano iliyoganda ni diski iliyokufa, inayopepesa ni "inatarajiwa kufa". Kumbe mkono wangu jana ulikuwa kwenye ile inayopepesa, maana ndo ilionekana ina fujo zaidi. Alhamdulillahi adhana ya Isha ilinitoa chumbani.

Jengine: fundi aliyepita kabandika vikaratasi 1 mpaka 8 kwenye diski. Programu inahesabu 0 mpaka 7. ChakeNet, umeniokoa.

Kitabu kinasema pia taa ya hitilafu ya kontrola huwaka kama moduli ya SFP inalalamika haipati mwanga. Haimaanishi kontrola yenyewe imeharibika.

#8 Bi_Nyuzi

Marahaba mwanangu. Vibandiko hivyo ving'oe leo leo.

Diski kwanza, kwa sababu hiyo ndo ina saa ya kuhesabu. Nakili hesabu na bukingi kwenda kwenye diski ya nje sasa hivi, kabla hujagusa trei. Picha za kamera za watu wanaoingia na kutoka ziache za mwisho, zikipotea hakuna atakayelia. Ukimaliza, washa taa ya buluu kwenye diski iliyokufa, itoe kidogo, subiri kama nusu dakika isimame kuzunguka, ndo uivute kamili. Tia mpya, aina ile ile ya kiunganishi, SAS kwa SAS, na isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kidogo.

Halafu mashine itaanza kujenga upya. Hapo itazisoma diski saba zote, mwanzo mpaka mwisho, na ile mahututi imo. Ndo maana ya bakapu kabla: ikifia njiani, umebaki na ulichonakili tu. Kwa TB 8, mashine ikienda MB 150 kwa sekunde bila kukatizwa, ni karibu saa 15. Na wageni wako wakitumia bukingi huku inajenga, weka siku na zaidi. Mpaka imalize usiiguse ile ya pili. Ikimaliza, ndo nayo unaitoa kwa utaratibu huo huo.

Umeme ukikatika katikati, UPS yako, ile betri ya akiba, inashika dakika ngapi?

#9 Fundi_Mkunazini

Kumi na mbili, nimepima. Jenereta ya hoteli inawaka yenyewe.

#10 MzeeWaMalindi

Nimeona neno umeme, nikaona nitie langu. Mliokuwepo mnakumbuka kuanzia Disemba 2009 Unguja ilipokaa gizani kama miezi mitatu, waya wa chini ya bahari kutoka bara umeharibika. Nilikuwa nachunga storeji moja, ya zamani, inaendeshwa kwa jenereta. Jenereta ikizimika ghafla, kuna taa moja nyuma ya kontrola ilikuwa inapepesa peke yake, nyengine zote zimekufa. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, hii mbona haizimi? Niichomoe?"

Nilimpigia kelele mpaka majirani walisikia. Hiyo ilikuwa taa ya kashe. Kuna data ambayo seva ilishaambiwa "imeandikwa", lakini haijafika kwenye diski, imo kwenye kumbukumbu ya kontrola, na betri ndo inaishikilia. Betri za wakati ule zilikuwa zinaahidiwa saa 72 hivi. Ukichomoa kontrola wakati ule taa inapepesa, umeitupa baharini data ambayo mhasibu anaamini anayo.

Mashine za sasa nyingi hazina mateso hayo: umeme ukikatika, zinaihamishia kashe kwenye flashi, betri ndogo au kapasita inatosha. Lakini ile taa bado ipo. Ikipepesa, mkono mbali.

#11 FuoniJuu

Samahani kuingilia, mie sina storeji, nina intaneti ya faiba nyumbani. Kile kiboksi kina taa imeandikwa LOS inapepesa nyekundu tangu jana. Naona mnazungumza taa, nikasema nibahatishe.

#12 Bi_Nyuzi

Karibu, taa zote ndugu. LOS maana yake mwanga haufiki. Hiyo si nywila wala malipo, ni waya. Angalia kwanza kama kuna aliyesogeza kabati akaubana, au konekta ya kijani nyuma imetoka nusu. Isukume mpaka ilie "tik". Kama haikurudi, waite wenye mtandao wapime. Kiboksi cha nyumbani kwa kawaida kinasoma mwanga ukiwa baina ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga, namba ikishuka zaidi chini ya sifuri mwanga ni mdogo zaidi). Wakikupimia -30, tatizo ni lao la njiani au la konekta, hata wakikwambia "zima uwashe".

Usiuchomoe kuchungulia ndani. Mwanga ule wa 1490 na 1310 nanomita jicho halioni kabisa, lakini haimaanishi haupo. Kwenye nyaya za kampuni za simu nguvu ni nyengine, na jicho halijui tofauti mpaka limeshaumia.

#13 FuoniJuu

Paka kalala juu ya waya. Sifanyi mzaha. Kahamishwa, taa kijani. Ahsante Bi.

#14 PopobawaMstaafu

Hoja imefungwa, ni mapaka.

#15 Fundi_Mkunazini (Jumatatu, saa 5 asubuhi)

Mrejesho. Bakapu ya hesabu na bukingi imekamilika saa 10 alfajiri. Diski iliyokufa nimeitoa kwa taa ya buluu, mpya imeingia, inapepesa kijani polepole, asilimia 11. Ile mahututi bado inapepesa, naipita kwa ncha za vidole.

Sasa Bi, tuje kwenye giza la poti. Mdau mmoja kanishauri niangalie mwanga kwa kamera ya simu. Nimejaribu, sikuona kitu. Maana yake hakuna mwanga?

#16 Bi_Nyuzi

Maana yake hujajua kitu bado. Kamera za simu nyingi zinaona kidogo mwanga wa nanomita 850, ule wa faiba nene za ndani ya jengo. Waya wako wa manjano ni wa faiba ya kiini chembamba, SFP zake zinatoa 1310, na kamera ya simu kwa hapo ni kipofu kama jicho.

Tusome rangi za faiba pia, maana nazo zina lugha. Ganda la manjano: singo-modi, kiini chake, yaani njia ya mwanga katikati, ni mikroni 9 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Rangi ya chungwa: malti-modi za zamani, kiini 50 au 62.5. Rangi ya bahari ya Paje asubuhi: malti-modi mpya. Konekta ya buluu kichwa chake kimesuguliwa wima, ya kijani kimekatwa mshazari digrii 8. Kijani hakiingii kwenye buluu hata kama kinaingia. Ukivilazimisha vinaachia nafasi katikati, na unaweza kukwaruza vyote viwili. Hakikisha hakuna aliyekununulia kipande cha rangi ya chungwa Darajani akakitia kati ya manjano.

Halafu swichi ya mtandao ya nyumba ya mbele, ile inayopokea nyaya za faiba, ingia usome SFP inayoelekea kontrola B inapokea mwanga kiasi gani. Niletee namba.

#17 Fundi_Mkunazini

Zote manjano, konekta zote buluu. Swichi inasoma inapokea -4.1 dBm. Hiyo nzuri au mbaya?

#18 Bi_Nyuzi

Nzuri sana kwa mita 60. SFP yako ya kilomita 10 ya gigabiti 10 inasikia mpaka -14.4 hivi. Sasa fikiri: waya ule ni nyuzi mbili, moja inakwenda, moja inarudi. Swichi inapokea vizuri, maana yake uzi unaotoka storeji kuja swichi ni mzima, na kontrola B inatoa mwanga. Kontrola iliyokufa kwa kawaida haitoi mwanga, mwanangu. Muuzaji wako wa bara mwambie hivyo. Kilichopotea ni safari ya upande wa pili, kutoka swichi kwenda storeji.

Badilisha nyuzi mbili hizo nafasi, ncha zote mbili, huku na kule. Kisha soma tena swichi. Ikibaki -4, tatizo liko kwenye SFP. Ikianguka, tatizo ni ule uzi wenyewe au vichwa vyake. Halafu ziache hivyo hivyo, tuendelee kusoma namba.

#19 Fundi_Mkunazini

Imeanguka. -26.8.

#20 MzeeWaMalindi

Ah! Mama huyu.

#21 Bi_Nyuzi

Toka -4 mpaka -26.8, ni kama katika sehemu 200 za mwanga imefika moja. Uzi uliokatika kabisa kwa kawaida usingefikisha hata hiyo. Kitu kimekaa njiani. Sasa safisha, na hapa nataka twende taratibu, maana hapa ndo watu wanaharibu.

Kiini mikroni 9. Unywele wa kichwa chako unafika mikroni 70 au zaidi. Chembe moja ya chokaa ya nyumba zetu, ile inayopukutika ukigusa ukuta, inaweza kukifunika kiini chote. Na haifuniki tu. Vichwa viwili vya faiba vinagusana kwa kubanwa na springi. Ukichomeka juu ya chembe, unaisaga, inachimba kioo, na hapo hakuna kusafisha, unakata na kubadilisha. Kwa hivyo mpakaji aliyechomeka hakukosa adabu, kakosa kujua tu, lakini tuombe hajachimba.

Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji na mate. Usifute kwa kanga wala fulana, nyuzi za pamba zinabaki, na fulana ina mafuta ya mwili. Usiguse kichwa kwa kidole, haswa kama umetoka kula urojo. Tumia kalamu ya kusafishia, ile ya kubonyeza inayozungusha utepe ndani, moja ya konekta ndogo za LC ya milimita 1.25. Konekta kubwa za SC zina kalamu yake ya 2.5. Bonyeza mara moja au mbili, si kumi. Kama doa halitoki, spiriti ya isopropili ya 99, tone dogo kwenye karatasi isiyoacha nyuzi, buruta kichwa kwa mstari mmoja, kutoka penye maji kuja penye ukavu, usizungushe wala kurudi. Spiriti ya duka la dawa ya 70 ina maji thelathini kwa mia, inaacha alama.

Na chunguza kwa darubini ya faiba kabla ya kuchomeka, kama unayo, kwenye waya uliotolewa kwenye mashine ncha zote mbili. Vifuniko vya plastiki navyo visikudanganye, vinakaa mifukoni, ndani vina vumbi kuliko nje. Kufunika ni kuzuia kugongwa, si kusafisha.

#22 TechnoAmani

Bi, mie nimekuwa nikipuliza miaka sita.

#23 Bi_Nyuzi

Najua. Wote mnapuliza.

#24 Fundi_Mkunazini (Jumatatu, saa 11 jioni)

Kalamu nimeazima kwa rafiki wa Mazizini. Nimesafisha ncha za pande zote mbili. Swichi imepanda mpaka -19.2. Bado giza. Darubini sina. Diski asilimia 34.

#25 ChakeNet

Kuna boksi ukutani katikati? Mita 60 kuvuka kichochoro, mara nyingi kuna kiungio mahali.

#26 Fundi_Mkunazini

Wallahi lipo. Juu ya mlango mkubwa wa nyuma, boksi dogo jeupe. Siku zote nikidhani ni la kengele. Limepakwa chokaa pamoja na ukuta, haliko jeupe kwa rangi yake.

#27 Bi_Nyuzi

Ndo hilo. Lifungue, kila konekta iliyo ndani isafishe, na ndani ya kiungio chenyewe ingiza kalamu pande zote mbili. Watu wanasafisha konekta wanaisahau sehemu ya kike. Unaingiza konekta safi kwenye tundu lenye unga.

#28 Fundi_Mkunazini (Jumatatu, saa 1:20 usiku)

-6.3. POTI IMEWAKA KIJANI. Kama dakika mbili taa ya kontrola ikazima njano, ikarudi kijani. Nimekaa juu ya ngazi peke yangu nacheka.

#29 MzeeWaMalindi

Mwambie tajiri ng'ombe abaki.

#30 Bi_Nyuzi

Mabruki. Ila ule mwengine ulisoma -4.1, huu -6.3. Nje ya hatari, lakini kuna desibeli mbili zinapotelea wapi? Angalia mlangoni, kama waya umebanwa.

#31 Fundi_Mkunazini

Umeniona kwa mbali? Kuna vile vikamba vya plastiki vya kukazia nyaya, wapakaji wamefunga faiba na bomba la maji, wamekaza mpaka ganda limebonyea, na imepinda kona kali kabisa kwenye kizingiti. Nimekata vikamba. -3.9.

#32 Bi_Nyuzi

Hapo. Faiba ya ganda la milimita 3, mviringo wake usishuke chini ya nusu-kipenyo cha sentimita 3. Kwa jicho: usiipinde chini ya mdomo wa kikombe kile kidogo cha kahawa cha pale Jaws Corner. Na usiikaze kwa plastiki, tumia ule utepe wa kunata unaofunguka, ulegee kidole kipite. Faiba ikibanwa haikatiki siku hiyo. Inavuja mwanga, inaweza kukaa miezi, halafu siku ya Idi hoteli imejaa, inakuzimikia.

#33 FuoniJuu

Na Mei 2024, intaneti ilipokuwa mbovu nchi nzima, ile nayo ilikuwa uchafu?

#34 ChakeNet

Ile ilikuwa nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini huko baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, tarehe 12. Pale kalamu ya Mazizini haisaidii, inakwenda meli.

#35 Fundi_Mkunazini (Jumatano, saa 4 asubuhi)

Mrejesho wa mwisho kwa leo. Kujenga diski ya kwanza kulichukua saa 29, wageni walikuwa wanatumia. Jana usiku nimetoa ile mahututi, buluu kwanza, na ya pili inajenga sasa, asilimia 52. Vibandiko vya zamani vimeondoka, nimeandika 0 mpaka 7 kwa wino. Kontrola A na B kijani. Taa kubwa ya mbele bado njano, kitabu kinasema itabaki hivyo mpaka ujenzi uishe.

Muuzaji kanipigia kuuliza kama nimeamua kuhusu kontrola. Nimemwambia iko nzima, ilikuwa chokaa. Kanyamaza kidogo, kauliza, "Chokaa gani?"

#36 PopobawaMstaafu

Na vile vifuniko vidogo vya konekta vilivyopotea, umevipata?

#37 Fundi_Mkunazini

Nimevipata. Vimo ndani ya ndoo ya chokaa, vimeganda chini.

#38 Bi_Nyuzi

Vitupe.